Kutambua Injini Iliyobadilishwa katika Gari la Zamani: Namna ya Kusoma Herufi na Tarakimu Zilizogongwa

Na Mwandishi Wetu, Usoke

Mkulima wa Usoke, wilayani Urambo mkoani Tabora, ananunua Land Rover 109 iliyokwishatumika ili imsaidie kubeba mbolea na, msimu ukifika, marobota ya tumbaku. Kadi ya gari inaonyesha kuwa linatumia petroli na kwamba ujazo wa injini ni cc 2,286. Chini ya boneti mna injini ya dizeli. Mnunuzi anapouliza, muuzaji anamtoa hofu: ujazo ni uleule, cc 2,286, kwa hiyo hakuna kilichobadilika.

Muuzaji hasemi uongo kuhusu ujazo. Land Rover walitengeneza injini mbili, moja ya petroli na nyingine ya dizeli, zenye ujazo huo huo. Hata hivyo, injini iliyomo garini siyo iliyoandikwa kwenye kadi, na mnunuzi atalitambua jambo hilo siku gasketi iliyotumwa kwa basi kutoka Dar es Salaam itakapokataa kukaa mahali pake, au siku atakaposimamishwa na mkaguzi wa magari, au siku atakapotaka kuhamisha umiliki. Mfano huu haumhusu mtu mmoja. Ni hali inayoweza kumkuta yeyote anayenunua gari la miaka ya 1960, 1970 au 1980, na dawa yake ni kusoma namba iliyogongwa kwenye chuma kabla ya kutoa fedha.

Magari ya namna hiyo hayajaisha katika ukanda huu. Njia ya zamani ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita katika nchi ya Urambo, makao ya Mtemi Mirambo, na reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914 ilifuata uelekeo huo huo, Usoke ikawa miongoni mwa stesheni zake. Kati ya mwaka 1947 na 1951 Urambo ilikuwa mojawapo ya maeneo matatu ya mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni, pamoja na Kongwa na Nachingwea, na matrekta na malori yakaletwa kwa wingi kufyeka miombo. Karanga zilishindwa, tumbaku ikachukua nafasi yake, na haja ya gari linaloweza kupita njia za mchanga na matope ikabaki. Gari lililokwisha nguvu halikutupwa. Lilitafutiwa injini nyingine. Ndiyo maana leo fremu moja inaweza kuwa imebeba injini ya pili, ya tatu au hata ya nne.

Mahali pa kuangalia

Kila injini ina namba za aina mbili, na wengi huzichanganya. Ya kwanza ni namba ya kusubu, ambayo imevimba juu ya chuma kwa sababu ilikuwamo ndani ya kalibu wakati bloku inamiminwa. Namba hiyo hutambulisha kalibu au kipande, na bloku nyingi huwa na namba moja ya kusubu. Ya pili ni namba ya kugongwa, ambayo imezama ndani ya chuma, mara nyingi juu ya ubapa mdogo uliolainishwa kwa mashine. Hii ndiyo namba ya injini, na ndiyo inayotakiwa kufanana na kadi. Kanuni rahisi ya kidole ni kwamba iliyovimba ni ya kusubu na iliyozama ni ya injini. Mtu aliyenakili namba ya kusubu na kuipeleka kwenye ofisi ya usajili atakuwa amepeleka namba isiyolitambulisha gari lake peke yake.

Injini ikaguliwe ikiwa imepoa, na waya wa betri uwe umeondolewa. Eneo lioshwe kwa mafuta ya taa na brashi ya nywele, kisha likaushwe kwa kitambaa. Chaki ikipakwa juu ya ubapa na kupanguswa, unga wake hubaki ndani ya mistari na namba hujitokeza. Njia nyingine ni kuweka karatasi nyembamba juu ya namba na kuipitishia penseli kwa ulalo. Karatasi hiyo huwa ushahidi mzuri kuliko namba iliyoandikwa kwa mkono, kwa kuwa inaonyesha umbo la kila herufi. Picha ya simu ipigwe mwanga ukitoka ubavuni, si usoni. Grainda na msasa mkali visitumike kwa sababu yoyote ile. Fundi anayesugua ili namba ionekane vizuri anaweza, bila nia mbaya, kuifuta, na baada ya hapo hakuna atakayeweza kuthibitisha kwamba haikufutwa kwa makusudi.

Herufi na tarakimu zinazofanana zisomwe kwa uangalifu: 0 na O, 1 na I, 8 na B, 5 na S. Katika namba za chesisi za tarakimu 17 zilizoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 1980, herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, kwa hiyo umbo la duara humo ni sifuri. Namba za injini hazifungwi na kanuni hiyo.

Land Rover

Kwenye Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, namba ya injini ya cc 2,286 imegongwa ubavuni mwa kushoto wa bloku, upande wa mbele, karibu na manifoldi ya eksozi. Kushoto hapa ni kushoto kwa mtu aliyeketi ndani ya gari akitazama mbele, si kwa fundi aliyesimama mbele ya boneti. Ubapa wake ni mdogo na hufunikwa na mchanganyiko wa oili na vumbi, ambao kwa magari ya Urambo huwa mgumu kama saruji.

Tarakimu tatu za mwanzo ndizo zinazotaja aina. Namba inayoanza na 901 ni ya injini ya petroli, na inayoanza na 906 ni ya dizeli. Zote mbili zina krenki inayoshikiliwa na beringi kuu tatu. Mwaka 1980 kiwanda kilibadilisha bloku na kuweka beringi kuu tano, na hapo namba zikaanza na 361 kwa petroli na 366 kwa dizeli. Kwa macho, injini ya 906 na ya 366 hufanana mno. Krenki na beringi zake kuu haziingiliani, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea: mmiliki anaagiza beringi za “Land Rover dizeli ya cc 2,286”, muuzaji wa spea anamletea za injini yenye beringi tatu, wakati yake ina tano. Tarakimu tatu za kwanza zingetosha kuepusha hasara hiyo.

Kizazi kilichofuata, cha Land Rover 90 na 110, kilitumia tarakimu mbili na herufi. Alama 10J ni dizeli ya cc 2,286. 12J ni dizeli ya cc 2,495 isiyo na tabo. 19J ni dizeli ya cc 2,495 yenye tabo. 17H ni petroli ya cc 2,495. Injini za 12J na 19J hukaa vizuri katika Series III na zimepachikwa humo mara nyingi. Jambo la kuzingatia ni kwamba dizeli ya cc 2,286 huendesha kamshafti yake kwa cheni, ilhali 12J na 19J hutumia mkanda wa taimingi. Cheni huvumilia. Mkanda hukatika, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, valvu na pistoni hugongana. Mmiliki anayeamini kwamba gari lake la mwaka 1976 lina cheni kama lilivyotoka kiwandani, kumbe lilipachikwa injini ya 12J, hatawaza kuubadilisha mkanda asiojua kuwa upo.

Injini iliyosomwa ilinganishwe na chesisi. Namba ya chesisi ya Series III imegongwa kwenye fremu upande wa kulia mbele, karibu na mshikio wa springi, na hurudiwa kwenye kibao cha bati ndani ya gari. Kabla ya mfumo wa tarakimu 17, chesisi za modeli ya 109 za usukani wa kulia zilizotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza zilianza na 912 zikiwa za petroli na 917 zikiwa za dizeli. Chesisi ya 912 yenye injini ya 906 imebadilishiwa injini. Hilo halihitaji mjadala. Chesisi ya 912 yenye injini ya 901 inaweza kuwa na injini yake ya asili au ya gari jingine la aina ileile, na hapo kadi pekee ndiyo itakayoamua, kwa kulinganisha namba yote hadi tarakimu ya mwisho.

Toyota

Toyota hurahisisha kazi kwa namna yake. Alama ya modeli kwenye kibao cha bati kilichomo kwenye nafasi ya injini huanza na herufi ya familia ya injini iliyowekwa kiwandani. Land Cruiser yenye alama FJ45 ilitoka na injini ya familia ya F, ambayo ni petroli. BJ40 ilitoka na injini ya B. HJ47 na HJ75 zilitoka na injini ya H. HZJ75 ilitoka na 1HZ. Kwa Hilux ni vivyo hivyo: RN ni injini ya R, YN ni ya Y, LN ni ya L, yaani dizeli. Herufi J humaanisha Land Cruiser na N humaanisha Hilux. Kwa hiyo mtu akisoma kibao kisha akasoma bloku, anajua katika dakika moja kama injini na gari vilizaliwa pamoja.

Tarakimu ya mbele ya msimbo wa injini haitaji lita wala silinda. Inataja toleo ndani ya familia. Imezoeleka kusikia kwamba injini ya 2L ni ya lita mbili, 3L ni ya lita tatu na 5L, kwa mantiki hiyo, ni ya lita tano. Ukweli ni kwamba 2L ina cc 2,446, 3L ina cc 2,779 na 5L ina cc 2,986. Anayejaza fomu ya serikali kwa kufuata dhana hiyo atakuwa ameongeza lita mbili zisizokuwepo. Herufi zinazofuata kistari hutaja vifaa: T ni tabo na E ni mfumo wa kielektroniki wa kuingiza mafuta, kama ilivyo kwenye 1KZ-TE.

Tahadhari ya mkanda iliyotajwa kwa Land Rover inarudi hapa kwa uzito mkubwa zaidi. Injini ya 2H, ya silinda sita na cc 3,980, huendesha kamshafti kwa gia. Injini ya 1HZ, nayo ya silinda sita, ina cc 4,164 na hutumia mkanda wa taimingi unaopaswa kubadilishwa kwa kawaida kila kilomita 100,000. HJ75 iliyochoka hupachikwa 1HZ kwa sababu spea zake hupatikana kwa urahisi. Tofauti ya ujazo ni cc 184 tu na mlio wake hautamshtua asiyezoea. Mnunuzi wa pili akiendelea kulihudumia gari kama lenye 2H, injini inaweza kumfia njiani, na gharama ya kuitengeneza yaweza kukaribia bei ya gari lenyewe.

Misimbo inayofanana sura

Tarakimu ya mwanzo kwa Isuzu na Mitsubishi ni idadi ya silinda. Hivyo 4JA1 ya Isuzu na 4D56 ya Mitsubishi zina silinda nne, na 6D16 ya Mitsubishi ina sita. Herufi D kwa Mitsubishi ni dizeli, G ni petroli. Nissan, na Datsun kabla yake, huweka herufi mbele na ujazo nyuma kwa sehemu za kumi za lita: A12 ni lita 1.2, L16 ni lita 1.6, TD27 ni lita 2.7. Peugeot 504, mshindi wa Safari Rally mwaka 1975 na 1978, ilitumia XN1 ya petroli yenye cc 1,971, na toleo lake la dizeli lilikuja kutumia XD2 ya cc 2,304. Humo tarakimu haisemi ujazo wala silinda. Anayekariri kanuni ya kiwanda kimoja na kuitumia kwa kingine atakosea kila mara.

Perkins wanastahili maelezo yao kwa sababu injini zao zimeenea kwenye matrekta, na injini ya trekta lililokufa imewahi kuokoa lori zaidi ya moja. Jina la injini lina tarakimu moja ya silinda, nukta, kisha ujazo kwa inchi za ujazo. Perkins 4.236 ina silinda nne na inchi za ujazo 236, 6.354 ina silinda sita na inchi za ujazo 354. Inchi moja ya ujazo ni cc 16.387, kwa hiyo 4.236 ni takriban cc 3,867 na 6.354 ni takriban cc 5,800. Kanuni hiyo ya inchi huwafaa pia wenye malori ya Bedford, ambayo injini zake za dizeli ziliitwa kwa ujazo wake: ya 300 ni lita 4.9 na ya 330 ni lita 5.4. Namba za Perkins zilizogongwa tangu katikati ya miaka ya 1970 ni ndefu na huanza na herufi mbili za familia, LD ikiwa ni 4.236; katikati huwamo herufi ya nchi ilikotengenezwa, U ikiwa ni Uingereza, na herufi ya mwisho ni ya mwaka.

Namba inapokosekana au inapotia shaka

Ubapa usio na namba si lazima uwe na hila. Bloku mpya zilizouzwa kama spea mara nyingine zilitoka kiwandani bila namba, na injini zilizofufuliwa katika karakana kubwa zilipewa kibao kidogo cha bati kilichopigwa ribiti badala ya namba ya awali. Dalili za hila ni tofauti: tarakimu zisizokaa kwenye mstari mmoja au zenye ukubwa tofauti, mikwaruzo ya grainda inayoishia pale pale namba inapoanza, welding chini ya rangi mpya, au sehemu moja iliyong’aa kwenye bloku iliyochakaa kote. Mnunuzi akiona mojawapo asitoe fedha. Mmiliki anayegundua hali hiyo kwenye gari alilokwisha kulinunua aende kituo cha polisi akiwa na nyaraka zake zote. Kugonga namba mpya, au kugonga tena ile iliyoandikwa kwenye kadi ili vifanane, humweka mwenye gari mahali pabaya hata kama injini aliipata kwa halali.

Taarifa za usajili

Msajili wa vyombo vya moto nchini ni Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na ukaguzi wa magari hufanywa na wakaguzi wa Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Kadi ya gari hubeba namba ya chesisi, namba ya injini, ujazo wa injini na aina ya mafuta. Injini ikibadilishwa, angalau moja ya taarifa hizo hubadilika, na kwa kawaida hubadilika zaidi ya moja. Ujazo ni miongoni mwa vigezo vinavyotumika kukokotoa kodi na ada za magari, na namba ya injini huonekana pia kwenye hati za bima. Ajali ikitokea, tofauti kati ya hati na chuma huwa swali la kwanza.

Mmiliki aliyebadilisha injini, au aliyegundua kwamba ilibadilishwa kabla yake, apeleke maombi ya kurekebisha taarifa katika ofisi ya TRA, ambayo kwa wakazi wa Usoke ni ya Mkoa wa Tabora. Aende na kadi halisi, kitambulisho, namba ya utambulisho wa mlipakodi (TIN), taarifa ya mkaguzi wa magari na uthibitisho wa mahali injini ilikotoka. Injini ya mtumba iliyonunuliwa Gerezani, Dar es Salaam, iwe na risiti ya EFD yenye namba ya injini iliyoandikwa, si maneno “injini moja” peke yake. Iliyotolewa kwenye gari jingine iambatane na mkataba wa mauziano na nakala ya kadi ya gari hilo.

Mkataba wa kuuziana gari la zamani nao utaje namba mbili: iliyo kwenye kadi na iliyosomwa kwenye bloku siku ya mauziano, pamoja na karatasi ya penseli iliyotajwa hapo juu. Namba hizo zikitofautiana, marekebisho yafanywe na muuzaji, ambaye ndiye jina lake liko kwenye kadi, kabla ya umiliki kuhamishwa.